Chupa Tano za Maji na Namba Chini ya Grisi

Glu, glu, glu. Ni saa kumi na moja kasorobo alfajiri, chumba bado kina giza, na kitu cha kwanza kusikika ni maji. Yanatoka kwenye jerikeni la njano na kuingia kwenye chupa ya plastiki, polepole, kwa sababu anayemimina hataki kuamsha watoto.

Mmoja ameshaamka. Shallon, mwenye miaka saba, amelala kwenye godoro karibu na mlango. Macho ameyafumba, anahesabu kwa masikio. Sauti ya maji ikiwa nyembamba, anajua chupa imejaa.

"Tano," anasema ndani ya blanketi.

"Lala, mama," anajibiwa kwa mnong'ono.

Dorah Athieno, 34, anafunga kizibo cha chupa ya tano. Anamfunika vizuri Ofwono, mtoto wake wa mwaka mmoja na miezi miwili, halafu anabeba chupa zote mpaka nje, lilipo gari lake la kijivu aina ya Spacio, la gia za otomatiki. Anafungua boneti, anamulika kwa simu, anajaza maji kwenye rejeta. Chupa mbili zinaisha hapo hapo. Tatu zilizobaki anazipanga chini ya kiti, za njiani. Hata moja si ya kunywa mtu.

Hiyo ni asubuhi ya Jumanne moja ya mwezi Juni, na Dorah bado hajui kitu. Kwa mwaka mzima na zaidi ameamka hivyo, akiamini gari lake limezeeka.

Dorah ni mzaliwa wa Mulanda, na kazi yake ni dereva wa gari la kukodi, ambalo hapa Tororo watu huliita spesho. Anachukua wachuuzi na mizigo yao kutoka mjini Tororo mpaka Busia ya Uganda. Mara tatu au nne kwa wiki anavuka nao mpaka kuingia Busia ya Kenya, wakanunue nguo na sufuria. Mumewe, Odwori, analima kwao Kirewa na huja mjini mwisho wa wiki na mihogo.

"Zamani, siku nzuri nilikuwa nabaki na elfu sabini baada ya petroli," anasema. Ni shilingi za Uganda anazosema. "Halafu ikashuka, elfu hamsini, elfu arobaini. Mwisho nikaona thelathini ndio kawaida. Gari inakunywa petroli, inakunywa maji. Mimi nabaki na harufu."

Steji yao, yaani kituo chao cha mjini Tororo, ina magari kumi na saba, na Dorah ndiye mwanamke pekee. Abiria wasipokuwepo, kazi ya pale ni moja tu: kulinganisha magari. Asubuhi wataanza na injini, mchana wamefika kwenye gia, na jioni kuna watu hawasalimiani.

Mwenyekiti wa steji, Sam Edeku, ana Carina ya zamani na hataki kusikia habari za vitu vipya. "Hizi injini zenu zina kompyuta," huwaambia. "Kompyuta ikikohoa, mnalala njiani. Yangu ikikohoa, nachukua spana namba kumi na nne."

Lakini aliyekuwa na maneno kuliko wote ni Paddy Okochi, Msamia wa Buhehe, mwenye Probox nyeupe ya gia za mkono. Miaka kumi na moja ameendesha gari hilo hilo.

"Hii Probox yangu, weka sikio juu ya boneti utasikia Japani," alikuwa akijigamba. "Niliiwekea injini mpya mwaka jana. Otomatiki ni gari ya mgonjwa. Unakaa tu kama mtu anasubiri daktari."

"Na wewe mguu wako wa kushoto umenenepa kwa klachi," Dorah alikuwa akimjibu. "Siku hizi unanunua viatu namba mbili tofauti."

"Mama Shallon, mimi nanunua viatu. Wewe unanunua maji. Hiyo si gari, hiyo ni ng'ombe. Asubuhi maji, saa sita maji, jioni maji. Sasa kamua basi, tupate chai!"

Watu walicheka mpaka wakashika milango ya magari. Dorah naye alicheka. Maneno yalimwingia, anakiri, lakini pale steji anayenuna ndiye anayetaniwa wiki nzima.

Mabishano yakizidi, steji ina njia yake ya kuyamaliza. Magari mawili yanajazwa petroli mpaka ionekane kwenye mdomo wa tangi. Yanakwenda Busia pamoja, yanageuka, yanarudi, yanajazwa tena mdomoni. Aliyekunywa nyingi ameshindwa. Halipi hela, na soda hanunui. Adhabu yake ni kuosha injini ya mshindi kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, mbele ya wote, mpaka chuma kionekane.

Jumanne ile Paddy alimchokoza Dorah mbele ya abiria wake wa siku nyingi, mama muuza vitenge. Yule mama akacheka, halafu akapanda Probox. Dorah akamtupia Sam funguo.

"Jaza zote mbili," akasema. "Leo namaliza hii kelele."

Walikwenda Busia wakifuatana kama kilomita thelathini na kitu, na wakarudi. Njiani Dorah alisimama mara mbili kumwaga maji kwenye rejeta. Waliporudi pampu ikasema yote. Probox ilikunywa lita nne na nusu. Spacio ilikunywa saba kasoro kidogo.

"Lete brashi!" Paddy akapiga kelele. "Lete na kopo! Leo injini yangu inaogeshwa na mama mtu mzima!"

Dorah akavaa shati kuukuu la Sam, akajifunga kitambaa, akainama ndani ya boneti ya Probox. Alisugua juu, akasugua pembeni. Madereva walikuwa wanamwelekeza kama wanaofundisha mtoto kupiga mswaki. Saa nane mchana ilikuwa, jua kali, redio ya mtu inacheza.

Mkono wake ulifika chini, ubavuni mwa injini, pale inapoungana na gia. Sehemu hiyo haioshwi na mtu, kwa hiyo grisi ilikuwa imegandamana na vumbi nene kama uji wa jana. Akamwaga mafuta ya taa, akasugua, akafuta kwa kitambaa. Zikatokea tarakimu.

"Sita," Dorah akasoma. "Nne."

Hakuna aliyemsikiliza.

"Sifuri. Tisa. Tatu."

Alikuwa anazisoma kwa wimbo. Na hapa lazima msomaji ajue jambo moja. Shallon alipokuwa na miaka mitano alikuwa akikaa garini na mama yake wakisubiri abiria, na kitabu chake cha kusomea kilikuwa kadi ya gari. Namba ya injini, tarakimu saba, ndiyo namba ndefu ya kwanza aliyoweza kuisoma yote bila kusaidiwa. Alifurahi mpaka akaitungia wimbo. Aliimba jikoni, aliimba akioga, aliimba njia nzima kwenda shule.

"Moja," Dorah akasoma. "Saba."

Brashi ilimwanguka ndani ya injini.

"Nilisikia masikio yanalia tu," anasimulia leo, na bado anashika shavu akisema hivyo. "Nikaangalia mikono yangu. Ni yangu, lakini haisikii. Nikasema labda ni jua. Nikasoma tena. Nikasoma mara tatu."

Paddy alidhani amechoka. "Mama Shallon, bado upande wa kulia! Usitoroke!"

Dorah alikwenda kwenye gari lake, akatoa mfuko wa nailoni, akatoa kadi, akampa Sam. Sam akainama kwenye Probox, akatazama namba, akatazama kadi. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Zimeni redio," akasema.

Redio ikazimwa. Sam akasoma kadi ya Dorah kwa sauti, tarakimu moja moja, huku dereva mwingine akifuata kwa kidole kwenye chuma cha Paddy. Zote saba. Hakuna hata moja iliyokosea.

"Nimekaa hii steji miaka kumi na tisa," Sam anasema. "Nimeona gari imewaka moto. Nimeona dereva amekimbia na mke wa abiria. Hii sijaona. Mtu anaosha injini ya mwenzake, anakuta ni yake!"

Mtu mmoja akauliza swali ambalo wote walikuwa wanaliogopa. Kama injini ya Dorah iko kwenye Probox, ndani ya Spacio kuna nini?

Wakafungua boneti ya Spacio. Sam mwenyewe alishika brashi. Alisugua mahali pale pale, ubavuni, karibu na gia. Grisi ilitoka, chuma kikaonekana, lakini namba haikuwepo. Palikuwa na mikwaruzo mingi inayong'aa, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Namba ilikuwa imekwanguliwa kwa mashine.

Dorah akakaa chini, kwenye vumbi, na shati la Sam mwilini.

Kilichomkalisha chini si wizi peke yake. Kibali chake cha kuvusha gari mpakani kilikuwa kinaisha, na ukaguzi wa kukipata kingine ulikuwa umebaki siku kumi na tano. Wakaguzi husoma namba ya chasisi, na husoma namba ya injini. Gari lenye injini iliyokwanguliwa namba halirudi nyumbani siku hiyo. Na kwa miezi kumi na minne alikuwa amevuka nalo, mara tatu au nne kwa wiki, akiwapungia maofisa mkono, akiwauliza habari za watoto wao.

"Miezi kumi na minne," anarudia, Ofwono akiwa mapajani. "Ningekuwa nimefungwa, na huyu ananyonya."

Kila aliyekuwa pale anakumbuka pia alichofanya Paddy. Alisogea, akachungulia ndani ya boneti ya Spacio kwa muda mrefu. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, kama mtu aliyeona nyoka. Alichukua funguo zake, akafunga boneti yake, injini ikiwa imeoshwa nusu, akaondoka.

Kesho yake hakuja, wala keshokutwa.

Injini ilitokaje? Dorah anajua siku yenyewe, kwa sababu ni siku aliyozaa.

Miezi kumi na minne iliyopita gia za Spacio zilianza kuteleza. Unakanyaga mafuta, injini inalia, gari linabaki linafikiria. Akalipeleka kwa fundi mmoja aitwaye Rasto, aliyekuwa amekodi uwanja wa mabati nje ya mji. Rasto akamwambia gia za otomatiki haziwezi kutolewa peke yake, ni lazima zishuke pamoja na injini.

Dereva wa hapa hamwachii fundi gari. Hiyo ndiyo tabia yao. Anakalia tairi kuukuu tangu asubuhi mpaka jioni, ananywa chai pale pale, macho kwenye spana, na kila bolti inayotoka anaijua. Dorah naye alikalia tairi siku mbili, tumbo likiwa mbele. Siku ya tatu, saa tano, injini ikiwa inaning'inia kwenye mnyororo, uchungu ukamshika.

"Nikamwambia Rasto, nakwenda hospitali, narudi," anasema, na anacheka kicheko kifupi. "Nilirudi baada ya wiki tatu. Gari limefungwa, limeoshwa, hata viti vimefutwa vumbi. Nikamshukuru! Nilimpelekea kuku, mimi. Makosa yangu yalikuwa kuzaa."

Maji yakaanza kupungua mwezi ule ule. Alipouliza, Rasto alimwambia gari lenye umri lina mambo yake, kama binadamu.

Siku iliyofuata mkasa wa steji, Dorah, Sam na madereva wengine wanne walikwenda kwenye uwanja ule wa mabati. Rasto hayupo. Mabati hayapo. Walimkuta mama anauza mkaa, akawaambia yeye yuko pale tangu Januari na hajui fundi yeyote. Wakaenda polisi, wakaandikisha maelezo. Ofisa aliyewapokea alisikiliza, akaweka kalamu chini, akasema, "Rudieni tena. Injini ilikuwa wapi?"

Baada ya hapo steji ilishikwa na hofu. Asubuhi ya siku ya tatu hakuna aliyebishana habari za lita wala gia. Kila mmoja alikuwa ameinama ndani ya boneti yake na kopo la mafuta ya taa. Walisugua, wakasoma namba, wakalinganisha na kadi. Zaidi ya Dorah na Paddy, gari lingine moja lilikuwa na injini isiyo yake. Mwenyewe, mzee aliyeendesha miaka ishirini na mbili, alikaa na kadi mkononi, akirudia kuisoma.

Nyumbani, Dorah aliendelea kujaza chupa tano. Mpakani hakuthubutu kwenda. Alizunguka Tororo tu, safari fupi fupi za sokoni na hospitali, na siku nyingine alirudi na elfu kumi na tano. Wateja wake wa Busia walichukua magari mengine. Usiku alimwambia Odwori kwa simu kwamba kama Paddy hatarudisha injini kabla ya ukaguzi, atauza gari kama vyuma, akalime naye Kirewa.

Maneno yalizagaa kwamba Paddy na Rasto walikuwa kitu kimoja. Wengine walitaka kwenda Buhehe wamlete kwa nguvu. Dorah alikataa. "Nilikuwa na hasira, ndiyo," anasema. "Lakini nilimwona uso. Ule haukuwa uso wa mtu amekamatwa. Ulikuwa wa mtu amefiwa."

Siku ya kumi, Ijumaa, Probox nyeupe iliingia steji polepole. Paddy alishuka, na upande wa pili akashuka mwanamke mwembamba mwenye mtoto mgongoni. Ni Loy, mke wake. Hajawahi kufika steji.

"Semeni mnachotaka kusema, halafu mimi niseme," Paddy akawaambia.

Sam akamsogezea tairi. Ndipo akaeleza, na waliokuwepo wanasema walimsikiliza midomo wazi.

Injini iliyo ndani ya Spacio ya Dorah, ile inayokunywa maji, ilikuwa yake. Ni injini yake ya zamani. Wiki ile Dorah alipozaa, Probox nayo ilikuwa kwa Rasto, ikitokota kila kilomita tano. Rasto alimwambia amepata injini safi imeshuka melini, milioni mbili na laki sita. Akalipa. Rasto akachukua injini ya Dorah iliyokuwa inaning'inia, akaifunga kwenye Probox, kisha akachukua ile mbovu ya Paddy, akaikwangua namba, akaifunga kwenye Spacio. Ni aina moja ya injini, zinakaa bila shida.

"Ile siku mlipofungua boneti ya Spacio niliijua pale pale," Paddy alisema. "Kuna mkono wa chuma unashika injini, ulikatika mwaka ule wa mvua nyingi, nikaunga mwenyewe kwa shaba. Mshono umepinda kama mkia wa nguruwe. Niliona huo mkia. Mwaka mzima nacheka gari ya huyu mama, nasema ng'ombe, ng'ombe. Kumbe ng'ombe ni wangu."

"Sasa kwa nini ulikimbia?" Sam akamuuliza.

"Kwa sababu nililipa! Watoto wanne, Sam. Nilisema, nikinyamaza, nani atajua? Namba ya ile imekwanguliwa. Na hii nimenunua, si shati nimeokota kwenye kamba."

Hapo Loy akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya mume wake. "Mimi nilimuuliza kitu kimoja tu. Huyo mama alikuwa wapi wakati wanatoa injini yake? Akaniambia alikuwa anazaa."

Kuanzia jioni ile, Paddy anasema, Loy aliweka chakula mezani, akageuka, akaenda kula jikoni na watoto. Hakugomba wala kulia. Alifanya hivyo siku sita.

"Ningeweza kubishana na Sam, na polisi, hata na Rasto nikimpata," Paddy anasema. "Lakini mtu anaweka sahani na anaondoka, utabishana na nini? Na sahani?"

Mtoto wa mgongoni mwa Loy ana mwaka mmoja na mwezi mmoja. Loy alimfungua, akamkalisha juu ya boneti karibu na Ofwono, ambaye siku hiyo alikuja na mama yake. Wale wawili wakaanza kunyang'anyana kizibo cha chupa.

Jumapili ile steji haikufanya kazi, maana Paddy alikuwa amekubali kila injini irudi kwenye gari lake. Walimleta fundi Akol, mzee mwenye sikio moja linalosikia na vidole vinavyoijua bolti gizani. Alikuja na mnyororo wa kuinulia, akaufunga kwenye nguzo tatu za chuma zilizosimamishwa katikati ya uwanja. Madereva wote walileta matairi, wakayapanga duara, wakakaa. Hakuna aliyeruhusiwa kumwangalia Akol kwa jicho moja.

"Mnanitazama kama mwizi," Akol akalalamika.

"Endelea, mzee," Sam akamwambia kwenye sikio zima. "Tunakutazama kama sinema."

Dorah alikalia tairi la mbele, Ofwono akinyonya, tangu saa moja asubuhi. Walimletea chai pale pale, na chakula pale pale. Shallon aliposema anataka kupelekwa chooni, alipelekwa na Loy. Saa nane injini ya Probox ilipanda hewani kwenye mnyororo, ikining'inia na kudondosha mafuta, na namba yake iliyooshwa ikaonekana na kila mtu. Shallon akaiimba. Baadhi ya wanaume wazima waligeuza nyuso.

"Safari hii sikuondoka," Dorah anasema.

Mpaka magharibi injini zote mbili zilikuwa kwao. Ile ya Paddy, Akol aliifungua kichwa, akakipeleka kusawazishwa, akaweka gasketi mpya iliyonunuliwa na steji. Inatembea. Bado inakunywa kidogo, na Paddy sasa ana chupa mbili chini ya kiti. Milioni mbili na laki sita zake, pamoja na injini ya yule mzee, hazijulikani ziliko, na Rasto hajapatikana mpaka gazeti hili linakwenda mitamboni. Polisi wamewapa barua, Dorah ya namba iliyorudi, Paddy ya namba iliyofutwa.

Midomo, lakini, imerudi. "Gari zenu zinachemka kimya kimya," Paddy aliwaambia wenzake wiki hii, akimimina maji. "Yangu inaomba. Ina adabu."

"Na wewe mguu wa kushoto?" Dorah akamuuliza.

"Mama Shallon, niache. Mguu uko salama."

Mambo mawili yamebadilika pale steji. Kuosha injini si adhabu tena. Kuanzia mwezi ujao, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kila dereva ataosha yake, atasoma namba kwa sauti, na Sam ataiweka kwenye daftari. Na kila jioni tangu Jumapili, Dorah anavaa lile shati kuukuu, ambalo Sam amekataa kulichukua, anakwenda kwa Akol kujifunza. Ameshajua kufungua kichwa cha injini. Mwezi ujao Akol amemwahidi gia za otomatiki.

"Nataka kujua kila chuma kinalia namna gani," anasema. "Halafu ninunue gari la pili, hata bovu, nilifunge mwenyewe. Nimpe mama mwingine aendeshe. Na siku yake ya kuzaa ikifika, mimi ndio nitakaa kwenye tairi."

Mwandishi wa habari hii alilala kwa Dorah usiku wa kuamkia siku ya ukaguzi. Ni Jumatano, saa kumi na moja kasorobo. Dorah ameshaamka, amejifunga leso, amefunika Ofwono. Kadi ya gari, barua ya polisi na kibali cha zamani viko kwenye mfuko wa nailoni. Jumatatu na Jumanne alijaza chupa tano kwa mazoea, akazirudisha zimejaa; leo jerikeni la njano liko pale pale mlangoni, limejaa, na hajaligusa.

Anatoka, anafungua boneti, anamulika kwa simu na kuingiza kidole kwenye mdomo wa rejeta. Maji yako pale alipoyaacha jana. Anabaki ameinama hapo kwa muda, kidole ndani, kama anayempima mtoto homa. Kisha anafunga boneti taratibu, anaingia, anageuza ufunguo. Injini inawaka mara moja.

Mlangoni amesimama Shallon, blanketi mabegani, macho bado mazito. Amekuwa akisubiri sauti ya kuhesabu, na haikuja. Anatazama jerikeni, anatazama gari.

"Mama," anasema, "leo gari haijakunywa maji."